Kifaa kinachojua kunyamaza

Chumbageni, Tanga

Rafiki yangu mpendwa,

Ama baada ya salamu, barua yako niliipata na nikaisoma pamoja na wenzangu wa mradi, kwa kuwa swali lako linatuhusu sote: kwa nini kifaa chetu cha kuvaliwa na mgonjwa wodini kinapima mapigo ya moyo na oksijeni ya damu peke yake, ilhali saa za dukani hudai kupima mambo chungu nzima? Jibu ni kwamba hata hayo mawili bado hatujayaamini.

Kanuni ya kupima oksijeni ya damu kwa mwanga, iliyoelezwa na mhandisi wa Kijapani Takuo Aoyagi mwaka 1974, unaifahamu. Himoglobini, yaani protini ya damu inayosafirisha oksijeni, ikiwa imeibeba hufyonza zaidi mwanga wa infraredi, wa takriban nanomita 940, na isiyoibeba hufyonza zaidi mwanga mwekundu, wa takriban nanomita 660. Kifaa huangalia jinsi mianga hiyo inavyopanda na kushuka kwa kila pigo, kisha hutafuta uwiano. Lakini uwiano huo haugeuki asilimia kwa hesabu tupu. Hugeuzwa kwa jedwali lililopatikana kwa kuwapima watu halisi, waliopunguziwa oksijeni chini ya uangalizi huku damu ya ateri, mshipa utoao damu moyoni, ikichukuliwa ili kulinganisha. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 kuhusu vifaa hivi ulitaka watu wasiopungua 10, na miongoni mwao wenye ngozi nyeusi sana 2 tu, au asilimia 15 ya wote, idadi yoyote iliyo kubwa zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wakaonyesha kuwa upungufu wa oksijeni usiogunduliwa na vipimo hivi ulijitokeza kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Sasa lilete jedwali hilo Tanga, ambako yule wa asilimia 15 ndiye karibu kila mtu.

Sisi wanafunzi hatuna ruhusa ya kumtoa mtu damu ya ateri, kwa hiyo jedwali letu wenyewe hatuwezi kulitengeneza. Tunachoweza ni kukizuia kifaa kisiseme uongo: mkono ukitikisika, au wimbi la mapigo likiwa dhaifu, kioo huonyesha vistari badala ya tarakimu. Mwenzetu mmoja anahofia muuguzi atadhani kimeharibika. Mimi naona ni afadhali muuguzi amwendee mgonjwa amshike mkono kuliko kuiamini asilimia 97 iliyozuka kutokana na mtikisiko.

Kuhusu mahali pa kukivaa, kifundo cha mkono kinapendeza, ila pale mwanga haupenyi hadi upande wa pili, hivyo tungetegemea ule unaorudi, ambao ni hafifu. Tena kwa joto letu la pwani jasho hujikusanya chini ya mkanda na kihisi kikateleza. Basi betri na saketi zimebaki kifundoni, na kihisi kimepelekwa kidoleni kwa waya mfupi. Ndewe la sikio nalo tulilifikiria. Sura ya kifaa si ya kujivunia.

Wewe unayeshinda na wauguzi, niulizie jambo moja: vistari vikidumu kwa muda gani ndipo kengele ilie? Muda ukiwa mfupi, italia usiku kucha hadi waizime kabisa. Ukiwa mrefu, mgonjwa anaweza kuzidiwa pasipo mtu kujua. Naomba jibu lao kabla hatujakamilisha programu.

Wasalaam,
Rafikiyo