Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Konde, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Sheha wa shehia yetu, wazee na wazazi mliohudhuria,
Wanafunzi wenzetu,

Assalaamu alaykum.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia uzima hata tukakutana asubuhi hii chini ya miembe ya skuli yetu. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuuitikia mwaliko wa wanafunzi na kuvuka bahari kuja Konde. Kwa kuwa umeutumia umri wako kuchunguza wanyama na mimea huishi wapi, na kwa nini huishi hapo na si pengine, tumeona risala hii isiishie kwenye salamu, bali tukueleze tulichokiona tulipoijaribu kazi hiyo kwa mikono yetu wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu klabu yetu ilijipa kazi ya kutengeneza ramani ya popo wa Pemba, yule popo mkubwa wa rangi ya kutu ambaye akikunjua mbawa hukaribia mita moja na nusu, na ambaye hapatikani mwituni popote duniani isipokuwa kisiwani hapa. Mkondo unaotutenga na bara una kina cha mita mia kadhaa, na ndiyo maana zama za barafu, bahari ilipopungua na Unguja ikaungana na bara, Pemba ilibaki kisiwa. Viumbe waliokuwa hapa walibaki na upweke wao, wakawa kama walivyo leo: popo huyu, bundi wetu mdogo, ninga wetu, na mpapindi, mti wa jamii ya minazi, unaoota katika Msitu wa Ngezi.

Tulikuwa na daftari na simu mbili zenye GPS. Kila tulipoona popo tuliandika mahali, siku na saa. Tulipozibandika alama zetu kwenye ramani ya darasani tulifurahi, lakini furaha ile haikudumu, kwani karibu zote zilikuwa zimejipanga kando ya barabara ya lami kama shanga katika uzi. Mwalimu wetu akatuuliza: "Popo ndio wanaoipenda lami, au nyinyi ndio mnaopita lami?" Hatukuwa na jibu. Swali hilo ndilo lililotufundisha zaidi ya yote tuliyosoma mwaka huu.

Tulivyofundishwa, modeli ya mtawanyo wa spishi, yaani hesabu ya kompyuta inayokisia aina fulani ya mnyama au mmea yaweza kuishi wapi, huanza na vitu viwili. Kimoja ni orodha ya mahali ambapo mnyama ameonekana. Cha pili ni ramani za hali ya nchi zilizopangwa moja juu ya nyingine: mvua, joto, mwinuko, aina ya mimea, umbali kutoka kwenye makaazi ya watu. Programu kama Maxent, ambayo wataalamu wanaitumia tangu mwaka 2006, hulinganisha hali za mahali alipoonekana mnyama na hali za eneo zima, kisha hukipa kila kipande cha ardhi namba kati ya sifuri na moja, kwa kadiri kinavyomfaa mnyama huyo. Kazi hii ina faida kubwa, kwa sababu hakuna anayeweza kuukanyaga kila mtaro na kila kichaka. Hata hivyo programu haijui tulipita njia gani. Tukiipa alama za barabarani tu, itatuambia kwa namba nzuri kabisa kwamba popo hupenda kukaa karibu na barabara, nasi tutaamini. Kutoonekana si kutokuwepo, na mahali pasipofikiwa na mtu yeyote hapana budi paandikwe kuwa hapakufikiwa.

Basi tukarudi upya, mara hii kwa miguu, tukiongozwa na wazee. Bibi wa mmoja wetu ndiye aliyetupeleka kwenye makaburi ya zamani ambayo miti yake haikatwi, kwa heshima ya waliolala pale. Tulifika kabla ya magharibi. Juu ya vichwa vyetu popo walikuwa wamening'inia kama matunda makavu, kila mmoja amejifunika mbawa zake, wengine wakijipepea kwa ubawa mmoja kwa sababu ya joto. Chini palikuwa na makapi ya maembe na mashelisheli yaliyotafunwa na kutemwa, na katikati ya makapi yale miche ilikuwa imeshachipua. Jua lilipozama waliondoka makundi kwa makundi kuelekea mashambani. Mahali pale hapana rangi yoyote kwenye ramani tuliyokuwa nayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapo ndipo tulipoielewa sehemu ya pili ya taaluma yako, ikolojia ya mandhari. Tumesoma kwamba jina la taaluma hiyo lilitolewa mwaka 1939 na mwanajiografia Mjerumani Carl Troll, aliyekuwa akizichunguza picha zilizopigwa kutoka angani. Taaluma hii haiulizi tu mahali fulani pana nini, bali pamepakana na nini. Pemba inalihitaji swali hilo kuliko nchi nyingi. Hapa mtu akisimama juu ya kilima kimoja huona mikarafuu mgongoni, bonde la mpunga chini yake, minazi upande wa pili na mikoko inayoanza pale maji ya chumvi yanapoingia. Ramani za hali ya hewa zinazotumiwa sana duniani zina vipande vya kilomita moja kwa moja, na vyote hivyo tulivyovitaja huingia ndani ya kipande kimoja. Modeli huona wastani, ilhali popo haishi katika wastani. Analala makaburini, anakula kwenye mshelisheli wa mtu, na anapita juu ya mikarafuu baina ya hapo na hapo. Kwa maoni yetu shamba la mikarafuu la Pemba halistahili kuandikwa kwenye ramani kama ardhi ya kilimo tu, sawa na uwanja mtupu, kwani hata bundi wetu mdogo husikika humo usiku.

Wazee wetu wanakumbuka wakati popo hawa walipokuwa wakiwindwa bila mpaka. Mwaka 1989 watafiti waliwaona wachache mno, ikahofiwa kuwa wanamalizika. Vijiji, Kidike kikiwa mfano unaojulikana na wengi, viliamua kuyalinda malalo yao, na miaka isiyofika ishirini baadaye hesabu zilifikia takriban 20,000. Hifadhi ile ilifanywa na watu waliojua popo wanalala mti gani, na ujuzi huo ni data, hata kama haujaandikwa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu si mengi. Tunaomba utufundishe kuandika sio tu tulipowaona popo, bali pia tulipokwenda tusiwaone, na muda tuliokaa hapo. Tunaomba tusaidiwe kuzipata picha zilizopigwa na ndege zisizo na rubani kuanzia mwaka 2016 juu ya visiwa vyetu, ili tuchore vichaka vidogo ambavyo picha za setilaiti hazivitenganishi na mashamba. Tena tunaomba, na hili tunalisema kwa uzito, kwamba ramani yoyote itakayotokana na alama zetu irudi hapa. Wamewahi kupita watu shehiani kwetu wakawauliza wazee maswali siku nzima, wakashukuru, wakaondoka, na hadi leo hakuna aliyeona walichokiandika. Ramani ikirudi, iwe na maelezo ya Kiswahili na ibandikwe ofisini kwa Sheha, isipokuwa malalo ambayo wazee wataona yafichwe kwa kuhofia wawindaji; hayo yabaki bila alama.

Daftari letu tunakukabidhi leo, pamoja na kurasa za zile siku za barabarani, ambazo hatukuzifuta. Tukimaliza hapa, bibi yule yuko tayari kukupeleka makaburini kabla ya magharibi, ukiwa na nafasi.

Ahsante sana kwa kutusikiliza.

Ni sisi wanafunzi wa Klabu ya Mazingira.