Barua kwa mwanangu Eli, kabla hujapanda meli

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu Eli,

Bwana Yesu asifiwe. Huku hatujambo. Tangu ulipopiga simu kusema unawapeleka mke wako na watoto kwenye meli ya kitalii, siku saba kutoka hapo bandari ya Galveston, Texas, usingizi wangu umekuwa wa kuvizia. Bahari siiogopi, yupo aliyeiumba. Naogopa ile kadi.

Ulisema ndani ya meli hamshiki noti. Kadi ya kufungulia chumba ndiyo hiyo hiyo ya kulipia, na mwisho wa safari wanakata benki. Uliniambia huku unacheka, eti mambo yamerahisishwa. Baba, hilo ni daftari la madeni, ila kalamu ameishika mwingine na wewe humwoni akiandika.

Halafu ukanitajia kifurushi cha soda, mnalipia kila siku halafu mnakunywa mpendavyo. Mimi nilidhani vifurushi ni vya simu tu. Nilikaa na kikokotoo cha Glory nikapiga hesabu zako: wakubwa wawili dola 10 kila siku, watoto wawili dola 5, siku saba. Hiyo ni 210. Ongeza ile asilimia 18 ya huduma, inafika 247 na senti 80. Kwa pesa yetu ni zaidi ya laki sita! Kwa soda! Na siku mtakayoshuka Cozumel, kile kisiwa cha Mexico, mkashinda nchi kavu, siku hiyo nayo mmeshailipia.

Utasema kununua moja moja ni ghali zaidi, dola 3 kwa glasi. Sawa. Lakini ili hicho kifurushi kikulipe, inabidi kila mkubwa anywe nne kila siku, na kila mtoto mbili. Nani kati yenu anakunywa nne? Nakujua, utakunywa tu ili usionekane umepoteza pesa. Nimeuza soda miaka tisa, najua mtu anavyokunywa akiambiwa kwamba imeshalipiwa.

Sasa nisikilize. Masharti uliyonisomea yanaruhusu kila abiria kuingia na makopo 12 siku ya kwanza, yawe yamefungwa, makopo tu, chupa hapana. Wanne mara kumi na mbili ni 48. Kreti mbili kamili, mwanangu! Mnapata karibu saba kwa siku. Nunueni dukani kabla ya kufika bandarini. Hata pakiti ya 12 ikiwa dola 10, hamfiki 50. Mbebe mkononi kama ulivyosoma. Ukiyatia kwenye masanduku makubwa yanayochukuliwa na wapagazi, yakirushwa moja likapasuka, nguo zote zitanata na mkeo hatakusamehe. Tena msome masharti upya kabla ya kuondoka, maana kampuni hubadilisha.

Barafu ipo bure hapo mnapojipakulia chakula. Maji bure, chai ya baridi bure, maji ya limau bure, na asubuhi kuna juisi. Nuru apende asipende, maji ndiyo ya kukata kiu. Na zile soda mtakazokuta zimepangwa kwenye kijifriji cha chumbani si zawadi. Waambie watoto kabla hawajafungua, maana Joshua ana mkono wa baba yake.

Na hiyo kadi, usiwape watoto waende nayo wenyewe. Kila jioni nenda pale wanapohudumia wageni uombe kuona deni lilipofika, au uangalie kwenye simu. Kila jioni, Eli. Usisubiri siku ya mwisho.

Ya kibanda chetu cha soda unayajua, sirudii. Lakini siku tulipoiondoa friji nilikuta visoda vimeangukia nyuma yake, vimeshika kutu na vumbi. Nikakaa chini nikavihesabu. Vilikuwa 61, na vingi vya Fanta. Wateja wetu walikuwa hawanywi Fanta kiasi hicho. Anayekunywa Fanta kila jioni akifunga hesabu alikuwa mtu mmoja, na hakuwahi kujiandika kwenye daftari kwa sababu daftari lilikuwa lake. Watu waliambiwa ni shangazi yako aliyemaliza mtaji. Ukimpigia, msalimie sana. Na ule muhula uliokaa nyumbani kwa kukosa ada, sikumbuki vizuri kama kweli sababu ilikuwa bei ya kahawa.

Kliniki ya sukari naenda tarehe zangu, usiwe na wasiwasi. Dawa ninazo.

Usidhani sifurahi. Mtoto wa muuza soda kupanda meli yenye ghorofa kama hoteli! Nimewaambia wote kanisani, hata ambao hawakuuliza. Mchungaji akasema tukuombee, nikamwambia aombee na kadi, akadhani natania. Ila ungenishirikisha kabla hujalipia. Habari ya safari yako nimeipata baada ya mama mkwe wako, nikajifanya naijua.

Bati la jikoni kule kihambani, shambani kwetu, limetoboka pale juu ya mafiga, mvua ikinyesha tunahamisha sufuria. Fundi ametaja bei, nitakutumia Glory akiweka bando. Simaanishi pesa za soda, nakuarifu tu. Ng'ombe amezaa dume. Bili ya maji imekuja kubwa na bomba halitoi, nitakwenda kuwauliza Jumatatu. Desemba mje wote, msilete nguo nyingi, leteni viatu vya watoto, vya hapa vinawabana.

Kreti mbili tupu bado ziko stoo. Jirani anazitaka kuwekea vifaranga. Nimpe, au?

Mama yako