Habari za ndani tumuulizeni aliyeingia

Mhariri, asalaam aleikum. Mie natembeza wageni Mji Mkongwe, mwaka wa 11 huu, na makala yenu ya Ijumaa iliyopita kuhusu majumba ya masultani wa Kituruki imeniumiza kweli, nimeisoma mara mbili nikaona siwezi kunyamaza. Mwandishi kachukua maneno ya wasafiri wa Kizungu wa zamani kayaweka vile vile, ati wanawake wamefungiwa tu, hawana lao, kazi yao kuoga na kumngoja Sultani. Sasa hao walioandika ni wanaume, na mwanamme mgeni haingii ndani kwa watu, hapa kwetu haingii na Istanbul alikuwa haingii, hayo ya ndani waliyaona wapi? Wamesikia huko nje wakenda kwao kuchapisha.

Aliyeingia yupo. Lady Mary Wortley Montagu, Muingereza, mumewe alikuwa balozi kwa Waturuki. Mwaka 1717 wakapita Sofia, mji wa Bulgaria ya leo, enzi hizo iko chini ya dola ya Uthmani, yaani ya hao Waturuki, bibi akaingia hamamu ya wanawake, nyumba ya watu wote kuogea. Anasema aliwakuta kama 200, hawana nguo, lakini hakuona hata mmoja aliyefanya jambo la aibu, huyu anakunywa kahawa, yule anasukwa nywele, na habari zote za mji ziko pale. Wakamshikilia na yeye avue, alipofungua nguo wakaona lile vazi la kubana kiuno wanalovaa wenzake kwao, basi wakaamini mumewe ndo kamfungia humo!

Na akaandika kuwa mke wa Kituruki fedha zake ni zake, akiachwa anatoka nazo. Kwao Uingereza mke kumiliki mali yake kikamilifu ilibidi ingojwe sheria ya 1882. Halafu ndui, maana yeye mwenyewe ilimuharibu uso na ilimuua kakake, alipoona kina mama wa kule wanavyochanja watoto wao, 1718 akamchanja mwanawe hapo hapo Istanbul, baadae London akamchanja na binti yake. Hili mwandishi wenu hakuligusa kabisa.

Si kama namkubali kwa kila kitu. Hali ya watumwa aliisifia, akasema wanatendewa vizuri, na sie watu wa Unguja hilo hatuwezi kulipokea.

Lakini oneni alivyofanyiwa. Mchoraji wa Kifaransa, Ingres, alinakili maneno ya bibi huyu kuhusu hamamu, na 1862 akamaliza picha ya wanawake uchi wamelaliana, na Uturuki hajapata kufika. Ile picha ndo wageni wanakuja nayo kichwani. Nikiwaingiza Hamamni, hamamu ya zamani hapa Mji Mkongwe aliyoijenga Sultani wetu Seyyid Barghash watu wa mji waende kuoga, swali la mwanzo ni Sultani alikuwa akikaa wapi kuwatizama wanawake. Nawajibu hamamu hii ya watu wote na wanawake walikuwa na saa zao, wengine wanaona kama nawaficha kitu. Ndo maana nimeumia kuyaona maneno yale yale kwenye gazeti letu, kwa Kiswahili chetu, watoto wa skuli wanasoma.

Mhariri, nakuomba toleo lijalo mumtie na huyu bibi, ukurasa ule ule na kwa herufi kubwa vile vile.

Mtembeza wageni, Mji Mkongwe, Unguja