Barua ya wazi kwa wanafunzi wa Kifaransa wa Arusha

Wanangu,

Wiki iliyopita nilialikwa katika chuo kimoja cha utalii hapa mjini kusikiliza kazi ya nyumbani ya Kifaransa. Mwalimu wenu alikuwa amemwagiza kila mmoja atunge hadithi fupi, aisimulie nyumbani mbele ya mtu yeyote mwenye subira, hata kama mtu huyo hajui neno la Kifaransa, kisha aje kuisimulia darasani bila kusoma popote. Nilifundisha lugha hiyo hadi nilipostaafu, na nikiri kwamba kazi nzuri kama hiyo sikuwahi kuibuni. Nikavaa koti langu la harusi, nikaketi benchi la mbele. Walisimama wanafunzi kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja wakatoa simu mfukoni.

Familia zote katika hadithi hizo ziliishi Ufaransa, zote zilikwenda likizo, na mbwa wote waliopotea walipatikana kabla ya chakula cha jioni. Kijana mmoja anayetoka Usa River alisoma, kwa matamshi yaliyonifurahisha, maneno “il neigeait”. Nikamuuliza, “Hapo kulikuwa na nini, mwanangu?” Akainamia simu, na kioo kilikuwa kimezima. Akakigusa kwa kidole gumba, kikawaka, akatafuta mstari wake, kikazima tena. Theluji ilikuwa inaanguka katika hadithi yake mwenyewe, naye hakuwa na habari.

Nilikasirika, na ninaandika nikiwa bado na hasira kidogo, mtanisamehe. Nilimwomba aiweke simu mezani, anieleze kwa Kiswahili alivyofika chuoni asubuhi ile. Akasema mvua ilikuwa inanyesha, watu walikuwa wamebanana ndani ya Haisi, ikazima Tengeru, konda akawashusha, wakasukuma, na katika purukushani hiyo kuku wa mama mmoja akachomoka kwenye kikapu akakimbilia migombani. Darasa zima lilicheka hadi machozi. Hakusoma popote, wala hakusahau kitu.

Sasa tazameni alichokifanya bila kujua. “Mvua ilikuwa inanyesha” ni “il pleuvait”, ile hali iliyokuwa ikiendelea kabla jambo halijatokea. Gari likazima: “la voiture est tombée en panne”. Tukashuka: “nous sommes descendus”. Tukasukuma: “nous avons poussé”. Kuku akatoroka: “la poule s'est enfuie”. Mnahangaika na majedwali ya imparfait (wakati wa hali iliyokuwa ikiendelea) na passé composé (wakati wa tukio lililotokea likaisha) mpaka mnaichukia lugha, ilhali bibi zenu waliwafundisha kutenganisha mandhari na tukio kabla hamjaanza shule, kwa “alikuwa akitembea” na kwa ile -ka- inayosukuma kisa mbele. Si kwamba nyakati hizo zinalingana kila mahali, maana -ka- yetu husubiri kitenzi kingine kiitangulie, lakini anayejua kusimulia kwa Kiswahili tayari anasikia mahali ambapo Kifaransa kitabadilisha wakati. Hata lile swali la kwa nini kushuka kunachukua kitenzi kisaidizi être, “kuwa”, na kusukuma kunachukua avoir, “kuwa na”, halisahauliki tena, kwa sababu umeshuka kwenye gari hilo kwa miguu yako na viatu vimelowa.

Na tafadhali, msinililie kuhusu jinsia za nomino. Mtu aliyelelewa katika ngeli zetu zote hizi anashindwaje na “le” na “la”?

Wengi wenu mnataka kuwaongoza wageni. Mgeni kutoka Lyon hahitaji umwambie kwamba Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, ina mita 5,895. Alisoma hilo kabla hajapanda ndege. Mwambie Wachaga wanavyosimulia kwamba Mawenzi, kilele jirani, alizoea kuzimikiwa moto akaenda kwa Kibo kuomba makaa, mara ya kwanza akapewa, lakini aliporudi tena na tena Kibo akachoka, akamshukia kwa mchi, na ndiyo maana kilele cha Mawenzi kimechongoka vile. Kisa hicho chote hakizidi vitenzi kumi. Mji wetu huu ulikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, ile ya kesi za mauaji ya kimbari ya 1994, hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, na humo wakalimani walibeba masimulizi ya mashahidi kutoka Kinyarwanda kwenda Kifaransa na Kiingereza siku baada ya siku. Kusimulia kwa usahihi ni kazi ya watu wazima.

Mengine nayataja tu. Simulieni kwa sauti, mara tatu, kwa watu tofauti. Andikeni baada ya kusimulia. Neno likikosekana, lizungukeni kwa maneno mliyo nayo. Anzeni na “il était une fois”, yaani hapo zamani za kale, ikiwa mnapenda, au igeni wasimulizi wa Martinique na Guadeloupe, visiwa vya Karibea, ambao huita “Cric!” na wasikilizaji wakaitika “Crac!”, kama sisi na paukwa na pakawa.

Lakini lawama si zenu peke yenu. Mtoto anayetaka kusimulia kitu jioni anaambiwa anyamaze, taarifa ya habari inaanza. Sisi walimu nasi tulizoea kumkatiza mwanafunzi kwenye kosa la kwanza, na mimi nilikuwa mkali kuliko wengi. Yupo binti mmoja niliyemsahihisha mara nne katika sentensi moja, akakaa chini, na sikumsikia tena mwaka ule. Mtu aliyekaushwa hivyo akikimbilia simu isemee badala yake, ninamwelewa, ingawa simkubalii.

Mwalimu wenu ameniruhusu nirudi mwezi ujao. Kikapu cha kuwekea simu nitakibeba mwenyewe kutoka nyumbani. Kijana wa Usa River ndiye atakayeanza, kwa sababu kengele ya mapumziko ililia kabla hajamaliza, nami mpaka leo sijajua kama yule mama alimpata kuku wake. Anieleze kwa Kifaransa.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu, Arusha