Vitu vya chama viandikiwe mrithi mapema

Mhariri,

Kikundi chetu cha kuhifadhi vitu vya kale hapa Mkomani, Lamu, kimekwama juu ya jambo moja tangu Mfungo Tatu. Swali ni kama katiba yetu iseme vitu vitakwenda wapi siku kikundi kitakapovunjika. Wengi wanasema kuandika hivyo ni kujitakia uchuro. Mimi nataka kifungu hicho kiandikwe, na naomba nafasi gazetini kwako nieleze sababu, maana mikutanoni kwetu anayetangulia kusema ndiye husema mpaka adhana.

Nilikaa miaka mingi New Brunswick, jimbo la New Jersey huko Marekani, nikilea wazee majumbani mwao. Mji ule ulijaa Wahungaria. Wa mwanzo waliletwa na kazi za viwandani. Kiwanda cha Johnson & Johnson kiliajiri wengi wao hata watu wakakitania kwa kukiita Chuo Kikuu cha Wahungaria. Kisha mwaka 1956, majeshi ya Kisovieti yalipozima maasi ya Budapest, mji mkuu wa Hungaria, wakimbizi zaidi ya 30,000 walipokelewa Camp Kilmer, kambi ya jeshi iliyo jirani na mji huo. Bibi niliyemlea mwisho alipita kambini hapo akiwa kigori, na mkoba mmoja tu.

Bibi huyu alikuwa mwanachama wa chama kimoja cha urithi wa Wahungaria wa Marekani, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsukuma kwa kiti cha magurudumu kumpeleka. Ukumbini palikuwa na vitambaa vya meza vya Kalocsa, mji mmoja wa Hungaria, vimetariziwa maua mekundu na ya buluu kwa mkono mwepesi ajabu. Mimi nimelelewa na washona kofia, kwa hiyo najua kazi nzuri ya sindano nikiiona. Kila kitambaa kilibanwa kwa pini kikaratasi chenye jina la aliyekitoa. Siku moja bibi alinitaka nimtafutie cha mama yake. Nilivipindua vyote, kimoja baada ya kingine. Wino ulikuwa umefifia, vikaratasi vingine vimebaki vyeupe kabisa. Aliishia kukikisia kwa kupapasa pindo lake, na mpaka leo sijui kama alipatia.

Jikoni, wanawake waliokunja kabichi kwa nyama na mchele walikuwa vikongwe watupu. Vijana walikuja siku ya sherehe, wakala, wakacheza ngoma zao, wakaondoka. Siwalaumu. Mtu aliyezaliwa kule, mwenye kazi na watoto mji mwingine, hawezi kuja kila wiki kufuta vumbi makabatini.

Sasa binti wa yule bibi ameniandikia kwamba chama hakijui kesho yake. Wanachama wanakufa, paa linavuja, na gharama ya kupasha jengo joto wakati wa baridi imewashinda. Wapo wanaotaka kuuza jengo, wapo wanaotaka vitu vipewe chuo kikuu, wengine wanataka virudishwe Hungaria. Sheria ya Marekani haiwaruhusu kugawana: chama cha hisani kilichosamehewa kodi kikifungwa, mali yake huenda kwa shirika jingine la hisani au kwa serikali. Lakini ni shirika lipi? Hilo hawakuliandika walipokuwa na nguvu, na sasa wanagombana wakiwa hoi.

Vyama vingi vya watu hawa vilianza kama vyama vyetu vya kuzikana. Mwaka 1886, huko Hazleton, Pennsylvania, wachimba makaa ya mawe wa Kihungaria waliungana ili mtu akiugua au akifa asiachwe peke yake. Chama hicho kiko mpaka leo, kinaitwa William Penn Association, kwa sababu kiligeuka kuwa cha bima. Anayetunza nyimbo na vitambaa hana bima ya kuuza.

Wenzangu wanaoogopa uchuro nawauliza: wazee wetu walipotoa nyumba au shamba wakfu, hawakutaja msikiti gani, msimamizi nani, na baada yake nani? Waliyaandika hayo wakiwa wazima, na hakuna aliyeona ni kujiombea mauti. Vitabu vya mkono vya Msikiti wa Riyadha hapa Lamu navyo vimepigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza, na msikiti haukufa kwa hilo.

Sisi vitu vyetu viko chumba cha ndani nyumbani kwa mweka hazina: misahafu ya mkono, kasha la njumu, kanzu za harusi, barua za manahodha, na mafurungu ya fedha ya mama yangu. Chokaa ya ukuta inamwagika juu ya kasha. Watoto wake wako Doha na Mombasa. Mungu ampe umri, lakini siku hiyo ikifika watarithi nyumba na vilivyomo ndani, na wala haitakuwa dhambi yao, maana hakuna karatasi ya kuwaambia vingine.

Kuna anayenong'ona kwamba nataka vyote vipelekwe Makumbusho ya Lamu. La. Vingine viende Makumbusho, vingine madrasa, vingine virudi majumbani vilikotoka. Mafurungu yangu nataka apewe mjukuu wangu. Ninachotaka ni kila kitu kipigwe picha mbele na nyuma, kiandikwe daftarini jina la mtoaji na la atakayekipokea, na kiandikwe kwa penseli, si kwa biro.

Mkutano ujao ni baada ya Maulidi. Namuomba katibu akiweke kifungu hiki mwanzo wa ajenda, kabla ya habari ya chai na sare za kikundi.

Bibi wa Mkomani,
Lamu