Kukodi yoti Ugiriki na watoto: Cyclades isubiri

Mhariri,

Kila kiangazi kinapokaribia, matangazo ya likizo za Ugiriki hurudia picha zilezile za Mykonos na Santorini, visiwa vya kundi la Cyclades. Familia inayopanga kukodi yoti ya matanga kwa wiki moja hudhani huko ndiko kwa kwenda. Naomba nafasi niseme kwamba Julai na Agosti, visiwa vya Cyclades si mahali pa kupeleka watoto wadogo kwa yoti.

Sababu ni upepo uitwao meltemi. Huvuma kutoka kaskazini anga ikiwa safi, bila wingu la kumtahadharisha mtu, na waweza kushika siku kadhaa mfululizo kwa nguvu ya 6 au 7 katika kipimo cha upepo cha Beaufort, yaani upepo mkali. Kwenda kusini kutoka Athens ni raha, upepo uko mgongoni. Balaa ni kurudi. Yoti nyingi hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi na hutakiwa ziwe zimerudi bandarini Ijumaa jioni. Basi Jumatano familia inageuza omo, yaani mbele ya yoti, kaskazini, inakutana na mawimbi mafupi ya ana kwa ana, watoto wanatapika, au inabaki imefungwa gatini ikihesabu siku za tiketi ya ndege.

Wenye watoto waende Ghuba ya Saronic au Bahari ya Ionian. Saronic inaanzia Athens penyewe, kwenye marina (bandari ya yoti) ya Alimos: kisiwa cha Aegina kiko kama maili 16 za baharini, kisha visiwa vya Poros na Hydra. Ionian, magharibi mwa Ugiriki, kuanzia kisiwa cha Lefkada, ni rahisi zaidi. Kisiwa cha Meganisi ni jirani, Ithaki si mbali, na upepo wa kaskazini magharibi kwa kawaida huamka adhuhuri na kulala jioni. Kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, safari ya saa tatu kwa siku inawatosha watoto. Ng'oeni nanga asubuhi, mfike mchana gati likiwa bado na nafasi.

Hydra hasa inahitaji kuwahi. Bandari yake ni ndogo, na yoti hufungwa tezi, yaani nyuma yake, likielekea gati, nanga ikiwa mbele. Kosa la kawaida ni kuangusha nanga karibu mno na gati kwa kuogopa kukosa mnyororo. Usiku upepo ukibadilika, nanga inaburuta na tezi linagonga mawe. Penye kina cha mita 8, iangusheni mita 40 hadi 50 kutoka gatini, mwachie mnyororo ukimbie taratibu huku mkirudi nyuma. Kamba ya upande unakotoka upepo ifungwe kwanza. Watoto wakae mbali na winchi, mashine ya kuvuta nanga, kwani mnyororo ule hauchagui kidole.

Asubuhi minyororo ya nanga za yoti jirani itakuwa imepandana. Msivute kwa nguvu. Nanga ikiibuka na mnyororo wa jirani, pitisheni kamba chini ya mnyororo huo, mfunge ncha zote mbili kwenye yoti, mshushe nanga yenu kidogo hadi ijinasue, kisha mrudi nyuma na kuachia ncha moja ya kamba.

Kuhusu mkataba: anayekodi bila nahodha lazima awe na cheti kinachotambuliwa Ugiriki, pamoja na mtu wa pili mwenye uzoefu. Asiye nacho aajiri nahodha, akikumbuka kwamba nahodha hula na kulala humo humo. Yoti inayotangazwa kuwa ya watu 8 mara nyingi inawahesabu wawili wa kulala sebuleni, kwenye meza inayogeuzwa kitanda. Familia ya watu sita yenye nahodha itabanana. Ulizeni pia dhamana ni kiasi gani, na kama mafuta na usafi wa mwisho vimo kwenye bei.

Makoti ya kuokolea ya watoto yaagizwe mapema kwa kutaja uzito wa kila mtoto, pamoja na wavu wa kuzungushia kingo. Maji ya tangi ni ya kubana: lita 400 kwa watu sita wanaooga kama nyumbani hazimalizi siku mbili. Karatasi za chooni ziende kwenye pipa, kwa sababu bomba la choo cha yoti ni jembamba, na likiziba katikati ya bahari, nahodha ndiye atakayelifungua kwa mikono.

Nahodha wa yoti za kukodi,
Athens