Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kusaidia watoto wachanga na wagonjwa wa mishipa ya fahamu hospitalini, mama na baba, na ninyi wakubwa wetu mliostaafu ambao bado mnakuja,

Najua swali mlilokuja nalo, kwa hiyo naanza nalo. Kwa nini pesa tulizochanga kwa ajili ya kuveze mpya, ile mashine ya kumtunza mtoto mchanga kwa joto, hazikununua kuveze? Kamati ilikaa mara tatu juu ya jambo hilo. Mara ya tatu tulipiga kura, nami nilikuwa upande wa waliosema tusinunue. Pesa hizo zimelipa posho ya gardi, yaani zamu, ya usiku kwa wauguzi wawili wa chumba cha watoto wachanga. Zimenunua vipimajoto, vipimo viwili vidogo vya oksijeni vinavyofungwa mguuni mwa mtoto, taa za betri, na vitenge. Nitaeleza sababu. Asiyeridhika atasimama baada yangu, na tutamsikiliza.

Kuveze tunazo tatu. Moja imekufa kidhibiti cha joto, na tangu mwaka jana tunaambiwa kipuri kiko njiani kutoka mpakani, upande wa Kasumbalesa. Mbili zinafanya kazi umeme ukiwapo. Sasa ninyi ni watu wa Lubumbashi, mnaijua Julai yetu. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,200, na mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku inashuka chini ya nyuzi 10. Mtu mzima anajifunika blanketi mbili. Mtoto wa gramu 1,300 hana mafuta mwilini ya kumtia joto, na ngozi yake ni nyembamba kama utando wa ndani ya yai.

Usiku mmoja wa Julai nilikuwa chumbani humo. Saa nane ya usiku umeme ulikatika. Jenereta ilikuwapo, lakini mafuta yaliyobaki yalikuwa yamewekwa kwa chumba cha upasuaji, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Muuguzi wa gardi hakukimbia huku na huku. Alifungua kuveze, akagusa nyayo za mtoto kwa mgongo wa mkono wake, akasema, "Mama, lete kifua." Mama yule, msichana wa mtaa wa Katuba aliyejifungua siku nne kabla, alifungua nguo. Mtoto aliwekwa kati ya maziwa, ngozi kwa ngozi, miguu kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande, kofia kichwani na soksi miguuni, kisha kitenge kikazungushwa na kukazwa chini ya sikio. Kipimajoto kilisoma 35.4. Baada ya saa moja kilisoma 36.1. Kulipokucha kilisoma 36.8, na mtoto alikuwa amenyonyeshwa mara tatu kwa kikombe. Kila namba iliandikwa kwenye karatasi, pamoja na saa yake.

Mimi wa zamani ningechemsha maji nikayatia kwenye chupa. Tulifanya hivyo tukiwa vijana kazini, na nimeona kwa macho yangu mtoto aliyeungua mgongo kwa chupa ya namna hiyo. Wengine walisogeza mbabula, jiko la makaa, mlangoni. Naomba jambo hilo lisitajwe tena hata kwa utani, moshi wa makaa umeua watu wazima katika lupango zetu, yaani nyua za nyumba zetu, sembuse kichanga.

Njia ya kumbeba mtoto kifuani ilianza Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa daktari Edgar Rey Sanabria na mwenzake Héctor Martínez. Walikuwa na watoto wengi na kuveze chache, kama sisi. Kwa muda mrefu wakubwa waliiona kuwa dawa ya maskini, jambo la kufanya mtoto akishatulia. Kisha ukafanyika utafiti katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2021. Watoto waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, hata kabla hawajatulia, walikufa 12 kwa 100 katika siku 28 za kwanza. Waliosubiri mpaka watulie walikufa karibu 16 kwa 100. Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo: mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo aanze kifuani mara moja, saa 8 hadi 24 kwa siku. Ni kweli kwamba asiyeweza kupumua mwenyewe anahitaji msaada kwanza, na kuveze haitatupwa. Lakini kifua cha mama hakizimiki.

Ila kitenge peke yake hakifanyi kazi. Kinahitaji muuguzi aliye macho, na hapo ndipo pesa zenu zilipokwenda. Kabla ya Mei, usiku muuguzi mmoja alikuwa na watoto wachanga wote pamoja na mama waliojifungua upande wa pili wa ukumbi. Niliomba karatasi za zamani nikazisoma moja moja, jioni tatu mfululizo. Nilichokikuta kimenikaa moyoni: saa nne usiku kuna namba, saa kumi na moja alfajiri kuna namba, katikati ni weupe mtupu. Simlaumu aliyekuwa zamu. Lakini mtoto anayezaliwa kabla ya miezi kutimia anaweza kusahau kupumua kwa sekunde ishirini, na ukimsugua nyayo anakumbuka. Akisahau katikati ya weupe ule, nani atamsugua? Oksijeni nayo ni hivyo hivyo. Ikipungua inaumiza ubongo, ikizidi inaharibu macho ya mtoto njiti, ndiyo maana tunashika kipimo cha damu kati ya asilimia 90 na 95. Mashine inatoa oksijeni. Kuishika hapo katikati ni kazi ya mtu aliyekaa kando ya kitanda. Tangu Mei wako wawili, na weupe ule umeanza kujaa namba.

Sasa niseme lililoniuma zaidi mwaka huu. Wauguzi watatu tuliowafundisha, wanaojua kumtambua mtoto anayezama kabla mashine haijalia, walipewa barua za mabadiliko siku moja. Mmoja alipelekwa mapokezi, mmoja upasuaji wa watu wazima, mmoja kwenye ofisi ya takwimu. Naelewa hoja ya kuzungusha watu: vitengo vingine vina shukrani nyingi za mkononi kutoka kwa wagonjwa, na haki inataka kila mmoja apite huko. Lakini idara maalum inaishi katika mikono na macho ya mtu aliyekaa hapo muda wa kutosha. Ukimwondoa, umebaki na chumba chenye vitanda vidogo. Tulikwenda kwa uongozi wa hospitali tukiwa sita, wauguzi na mama wawili waliolaza watoto. Tuliomba miaka miwili bila kuhamishwa. Tumepewa mwaka mmoja, kwa maandishi, na mmoja kati ya wale watatu amerudishwa. Hatujaridhika, na tutarudi.

Naomba tukumbuke jambo hapa. Jason Sendwe, ambaye jina lake limebebwa na hospitali kubwa ya mji huu, kabla ya siasa alikuwa msaidizi wa daktari, kwa kuwa Mkongomani wa wakati ule hakuruhusiwa kufika mbali kuliko hapo. Watu wa ngazi hiyo, na wauguzi waliokuwa chini yao, ndio waliosimamisha wodi za nchi hii baada ya 1960, madaktari wa kigeni walipoondoka. Wauguzi wetu wa A2 na A1, yaani wa ngazi ya sekondari na ya chuo, wasiambiwe kwamba wao ni mikono tu.

Wengine mmeuliza kwa nini chama kilichoanza na watoto wachanga kimeingia katika mambo ya mishipa ya fahamu. Njooni Jumatano asubuhi kwenye benchi la kliniki ya mishipa ya fahamu, mwombe kusoma kadi za watoto. Nimeketi hapo. Kadi baada ya kadi zinasema maneno yale yale: alichelewa kulia, alipata manjano siku ya tatu, alipata degedege wiki ya kwanza. Mtoto asiyepata hewa katika dakika ile ya kwanza, au ambaye manjano yamepanda mpaka kuingia ubongoni, anarudi kwetu baada ya miaka mitatu akiwa na shingo isiyokaza au na kifafa. Benchi la Jumatano linaanzia kwenye chumba cha kuzalia.

Ndiyo maana tulipima taa za kutibia manjano. Tuliazima kipimo cha mwanga kwa siku moja, tukagundua kwamba moja ya taa zetu mbili ilikuwa inawaka vizuri sana na kutibu kidogo sana. Balbu ya bluu huchoka nguvu yake ya tiba kabla haijazimika, na jicho halioni tofauti. Tumebadilisha balbu zote na kuanzisha daftari la saa za kuwaka. Mzazi anayemwanika mtoto juani nyumbani ili manjano yaishe ana nia njema, lakini akiona manjano siku ya kwanza, au yamefika nyayo, aje hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu kifafa, kuna mama wa mtaa wa Ruashi aliyekuja Februari na binti wa miaka sita. Binti alikuwa na sahani yake, kikombe chake na kijiko chake vimefungwa kwenye mfuko, kwa sababu katika lupango lao waliamini kwamba mate yake yanaambukiza. Kifafa hakiambukizi. Hakiambukizi kwa mate, wala kwa povu, wala kwa kumshika anayeanguka. Mlaze upande, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko mdomoni, hesabu dakika. Duniani wapo karibu milioni 50 wenye ugonjwa huu, na hadi 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi kila siku. Fenobabitali imetumika tangu 1912 na bei yake bado ni ndogo. Muuguzi wa kliniki alimpa binti maji, kikombe kilipobaki nusu akakichukua akakimalizia yeye mwenyewe mbele ya mama. Sikuwahi kuona hotuba iliyofanya kazi kama ile. Juni binti alikuwa na miezi miwili bila kuanguka.

Kisha Agosti dawa ikaisha ghalani, na haikuja kwa wiki tano. Mnajua kinachotokea dawa ya kifafa ikikatwa ghafla: degedege linarudi na linaweza kukataa kusimama. Kijana mmoja wa Kenya, mtaa wa hapa mjini, aliletwa na baba yake kwa taksi, amekaza mwili kwa zaidi ya nusu saa. Ameishi, lakini mkono wa kulia haujarudi kama zamani. Kosa lilikuwa la agizo kuchelewa, na agizo lilichelewa kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuhesabu vidonge vilivyobaki. Sasa yuko mtu, kila Ijumaa, na akiba ya miezi mitatu imewekwa katika famasia ya hospitali, chini ya ufunguo wa mfamasia, siyo kwetu. Wasichana wanaokaribia umri wa kuzaa wanaangaliwa upya na daktari iwapo wanatumia valproati, dawa nyingine ya kifafa, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kudhuru mimba. Wasiache peke yao, waje.

Kwa wagonjwa wa kiharusi nitasema kidogo. Hatuna mashine ya kupima umeme wa ubongo, na anayehitaji picha ya kichwa tunamtuma kwingine. Tunachokiweza ni uuguzi. Tumefundisha walinzi wa wagonjwa, yaani ndugu wanaokaa nao wodini, kumgeuza mgonjwa kila saa mbili, na kumjaribu kwa kijiko cha maji akiwa ameketi wima kabla ya kumpa bukari (ugali), maana akikohoa au sauti ikalowa, chakula kitaingia mapafuni. Vidonda vya mgongo vimepungua, wauguzi wanasema hivyo nami naona. Siku ya wauguzi tarehe 12 Mei na siku ya watoto njiti tarehe 17 Novemba tulizifanya bila gharama kubwa. Asanteni mliopika.

Yaliyotushinda: kuwatembelea nyumbani watoto wadogo baada ya kutoka. Tuliahidi mwaka jana, tumefika nyumba chache tu, na hatujui wengine wako je. Nauli ya taksi imekula mpango wote. Pia hatukufanikiwa kuwatoa haraka mama waliobaki wodini kwa ajili ya deni. Wawili walikaa wiki nzima watoto wao wakiwa wazima.

Kamati inaleta mapendekezo mawili kwenu leo. La kwanza, posho ya gardi ya usiku iendelee mwaka 2026 mzima kabla ya kununua mashine yoyote. La pili, wauguzi wawili wa kliniki ya Jumatano wapewe nauli ya kufuata watoto waliozaliwa chini ya gramu 1,500 mpaka watimize miaka miwili, ili dalili za ubongo zionekane mapema, mazoezi ya viungo yaanze bila kusubiri benchi. Mweka hazina atasoma hesabu sasa, ukurasa kwa ukurasa, kisha karatasi za kura zitagawiwa na katibu. Wenye ada ya mwaka iliyobaki wana haki ya kuuliza maswali, ila kura itahesabiwa kwa waliolipa.